Pilau ya Jumamosi Haidaiwi Jumapili

Kwenye kundi letu la mbio kuna maneno yanayosikika karibu kila Jumapili alfajiri, hasa msimu wa harusi: "Jana nimekula pilau, leo lazima niilipe." Husemwa kwa kucheka wakati watu wanafunga kamba za raba. Mwingine anajibu kwamba yeye anadaiwa na keki pia, kisha safari inaanza. Mara nyingi hayana madhara yoyote. Lakini nimeona yanavyoweza kukua ndani ya mtu mpaka yakawa ndiyo kanuni anayoishi nayo: kila tonge ni deni, kila kilomita ni malipo, na deni haliishi.

Nataka kuandika juu ya hilo, na ninaandika nikiwa mtu wa mazoezi. Dar es Salaam alfajiri za mwisho wa wiki ni mji wa wakimbiaji. Temeke, Mbagala, Kinondoni, Tabata, popote utakapopita utakuta kikundi cha jogging, fulana za rangi moja, mmoja anaimba na wengine wanaitikia kama mchakamchaka wa shuleni. Yumo mama wa miaka sitini na ushee, yumo dereva wa bodaboda, yumo karani wa benki na fundi cherehani. Sijui jambo jingine mjini hapa linalowaweka watu hao pamoja bila kadi ya mwaliko. Na tunayahitaji mazoezi haya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban robo wana uzito uliozidi, takriban robo wana shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kila kumi na moja ana kisukari. Kila mmoja wetu anaweza kutaja jina la mjomba au shangazi aliyekatwa mguu, au jirani aliyeanguka chooni asiinuke tena. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba natetea kitambi.

Ninachokitetea ni kwamba mwili unaotunzwa kwa hofu hautunzwi vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ya mambo niliyoyasoma, na kwa sababu ya dada mmoja nitakayemtaja baadaye kidogo.

Nianze na hesabu yenyewe ya kulipa pilau, maana ina kasoro kwenye mzizi. Anayeifanya anaamini kila kilomita inateketeza kalori kadhaa, kwamba ukiongeza kilomita basi kiasi kinachoteketea kinaongezeka vilevile, na mwisho wa siku unatoa ulichokula unabaki na jibu. Ushahidi mzuri wa kupinga imani hiyo ulitoka hapa hapa Tanzania, kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer, mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo Wahadza 30 walikuwa wanaitumia kwa siku. Hawakukadiria. Waliwapa maji ya kunywa yenye haidrojeni na oksijeni zenye alama maalumu, kisha wakapima mikojo yao kwa siku kadhaa, njia inayoaminika kuliko nyingine zote kwa kumpima mtu akiwa kwenye shughuli zake. Wanaume wa Kihadza hutembea wastani wa kilomita kama 11 kwa siku wakiwinda na kurina asali. Wanawake hutembea kama kilomita 6, na huko wanakokwenda wanachimba mizizi kwenye udongo mgumu, mara nyingi na mtoto mgongoni. Ungetegemea wawe wanateketeza nguvu nyingi mno kuliko Mmarekani anayeshinda ofisini na kurudi kwa gari. Watafiti walipozingatia ukubwa wa miili, hawakuona tofauti.

Maelezo ambayo Pontzer ameyatetea tangu hapo ni kwamba mwili huendesha matumizi yake kama nyumba yenye mshahara usiopanda. Mwezi wa ada ya shule nyumba haipati fedha mpya. Inachofanya ni kupunguza nyama, kuahirisha kupaka rangi, kumwambia fundi arudi mwezi ujao. Mwili nao, ukiudai nguvu nyingi za kukimbia, hubana kwingine. Kwa mazoezi ya kiasi, kubana huko ni heri, kwa kuwa hukata matumizi ambayo hayakuwa na faida, kama ule uvimbe wa ndani kwa ndani unaochochea magonjwa ya moyo, na zile homoni za msongo zinazozidi kipimo. Ndiyo maana mazoezi yanatibu hata pale mizani inapokataa kushuka. Wahadza wenyewe wana mioyo ambayo madaktari wa mijini wanaitamani kwa wagonjwa wao. Ila ukizidisha kukimbia huku unapunguza chakula, mwili utaanza kukata yale ya lazima: uzazi, kinga, mifupa.

Nilipoelewa hilo, mengi yalikaa mahali pake. Mazoezi ni kwa ajili ya moyo, sukari ya damu, misuli, usingizi na furaha, na hayo yanapatikana kwa kiasi ambacho mtu mwenye kazi na watoto anakiweza. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu yake yakiwa makali, na siku mbili za mazoezi ya kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kunahesabika, kulima kunahesabika, hata kuchota maji kunahesabika. Hakuna mahali miongozo hiyo inapozungumzia kulipa.

Sasa yule dada. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ameniruhusu nisimulie bila jina. Alikuja kundini baada ya kuambiwa presha yake inapanda, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya kupendeza. Aliacha soda, akapunguza chumvi, presha ikashuka. Kila hatua ilipata makofi, na ilistahili. Baadaye akanunua mizani ndogo ya jikoni, akawa anapima wali kabla ya kupakua. Kisha wanga ukaondoka kabisa, ukafuata mtindi, halafu ndizi, kwa sababu mtu fulani kwenye video alisema ndizi zina sukari. Tulipokwenda msibani kwa mwenzetu mmoja Mbagala, akina mama wa jikoni wakapita na sinia, wakamwambia, "Mwalimu, karibu mwanangu, kula." Akajibu, "Ahsante mama, nimebeba changu," akatoa kontena lenye matango na yai moja. Mama yule hakusema neno, alihamia kwa mwingine. Aliyewahi kukaa chini kwenye mkeka wa msiba anajua uzito wa jambo lile. Chakula cha msibani ndicho njia ya kumwambia mfiwa kwamba uko naye, na kukikataa kunaacha pengo hata kama hakuna atakayelitaja.

Akawa anakimbia asubuhi na jioni. Akawa anasikia baridi saa saba mchana, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Nywele zikawa zinatoka. Kisha akaanza kulalamika maumivu ya mguu chini ya goti, akakimbia nayo hivyo hivyo, mpaka ikabainika mfupa umepata ufa. Daktari aliyemhudumia, mama mtu mzima mwenye utulivu, alimuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: mara ya mwisho uliingia hedhi lini? Ilikuwa imekata muda mrefu, na yeye alikuwa ameipokea kama nafuu tu.

Hali hiyo ina jina katika tiba ya michezo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliieleza rasmi kuwa upungufu wa nguvu kwa mwanamichezo, ikapanua yale yaliyokuwa yakijulikana kwa wanawake tu ili yawahusu wanaume pia. Mtu anakula kidogo kuliko anavyotumia, kwa muda mrefu, na mwili unafunga idara moja baada ya nyingine. Kwa mwanamke hedhi hubadilika au hukoma. Kwa mwanaume hamu ya tendo la ndoa hupungua na homoni za kiume hushuka. Kwa wote wawili mifupa hudhoofu, majeraha hayaponi, mafua hayaishi, na hasira inakuwa karibu. Kinachonisikitisha ni kwamba dalili hizi nyingi mtaani tunaziita nidhamu.

Watu wengi hufikiri mtu anayewaza chakula saa zote ana tatizo la tabia, amekosa msimamo au amezidisha msimamo. Mimi nadhani tunachanganya chanzo na matokeo. Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kwenda vitani kwa sababu za imani, nao wakajitolea kupunguziwa chakula ili ijulikane namna ya kuwalisha upya watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa njaa. Kwa miezi sita walikula wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku huku wakitembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini mabadiliko ya akili ndiyo yaliyowashangaza watu. Vijana ambao hawakuwa na habari na mapishi walianza kukusanya vitabu vya upishi na kuvisoma usiku. Waliota chakula. Waliramba sahani. Walikata mkate vipande vidogo vidogo ili mlo udumu. Walikosa raha na marafiki, wengine wakapoteza hamu ya wachumba wao. Hakuna aliyewatisha kuhusu unene, hakuna aliyewaonyesha picha za warembo. Njaa peke yake ilitosha.

Angalia tena ile 1,570. Mipango ya kupungua inayosambazwa kwenye simu zetu kila Januari mara nyingi inamtaka mtu ale kalori 1,200, na juu yake aende jimu. Yaani tunawapa watu chakula kidogo kuliko kile kilichowavuruga akili wale vijana, halafu wakianza kuwaza chapati mchana kutwa tunawaambia hawana nia. Wakishindwa na kula chapati sita usiku wa Ijumaa, wanajiona waovu, Jumamosi wanafunga kula, na mzunguko unaanza upya. Mtu huyu anahitaji kula vya kutosha Jumatatu hadi Alhamisi. Akifanya hivyo Ijumaa itajiendea yenyewe.

Kuhusu namba za kwenye simu na saa za mkononi nitasema kwa ufupi. Zile hatua 10,000 zinazowanyima watu usingizi hazikutoka maabara. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye namba hiyo kwa ajili ya biashara. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani ulikuta waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida hiyo iliendelea kukua hadi karibu 7,500 kisha ikatulia. Saa nazo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walipima saba mwaka 2017, na katika kukadiria kalori zilizoteketea ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, ya mwisho asilimia 93. Wakati huohuo programu za simu nyingi hazijui kisamvu cha nazi ni nini. Sisi tuna majedwali yetu ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008, kazi nzuri ya wataalamu wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, lakini hata hayo hayawezi kujua bibi yako ametia tui la kwanza au la pili. Kumuona mtu akiacha kula futari kwa mama yake kwa sababu simu imekosa jina la chakula kunaniumiza kweli.

Nataka sasa kukaa kidogo Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya. Wengi wetu tukitaka mfano wa mwili uliofunzwa vizuri tunaangalia wanamitindo wa Marekani wenye kuku wa kuchemsha na brokoli kwenye vikontena. Kule Elgeyo Marakwet, kwenye mwinuko wa mita kama 2,400, na jirani yake Kaptagat, wapo watu wenye mapafu na miguu bora duniani, na chakula chao ni ugali, maharage, viazi, wali, sukuma wiki, kabichi, mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin), nyama mara mojamoja, na chai ya maziwa yenye sukari bila kuona haya. Watafiti waliowafuatilia wakimbiaji kumi mahiri wa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2004 walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu yao inatoka kwenye wanga. Wanga huohuo ambao binti wa Sinza ameambiwa ni sumu ukila baada ya saa kumi na mbili jioni.

Simaanishi tukaige sukari yao. Mtu anayekimbia kilomita 180 kwa wiki ana mahali pa kuipeleka sukari ile. Anayeshinda kwenye kiti hana. Ninachotaka tukione ni namna wanavyoishi na mazoezi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, amewahi kueleza kwamba siku nyingi hufanya mazoezi kwa nusu ya uwezo wake na zile ngumu hazifiki ukomo. Mbio zao nyepesi ni nyepesi kweli. Ukiwakuta asubuhi ya siku ya kupumzisha miguu, wanaanza polepole kiasi kwamba hata mimi na wenzangu tungeweza kutembea nao hatua za mwanzo. Wakirudi wanalala mchana. Jioni wanakunywa chai pamoja, wanapiga soga. Kambini Kaptagat wanafua nguo zao na kusafisha vyoo kwa zamu, na mwisho wa wiki Kipchoge alikuwa akirudi nyumbani kwa familia. Ulegevu umewekwa ndani ya ratiba kwa makusudi, kwa sababu bila huo mwili haujijengi. Mwanariadha mkubwa kuliko wote analala mchana bila kujiona mvivu, na mhasibu wa Kijitonyama anajilaumu wiki nzima kwa kukosa jimu Jumanne moja!

Swali ambalo nimelifikiria sana ni hofu hii imetoka wapi, maana mama zetu hawakuwa nayo. Kwetu mtu akirudi kutoka safari amejaa mashavu, alipokelewa kwa "umependeza, maisha yamekukubali." Aliyekonda aliulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Na swali hilo lilikuwa na historia chungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya pili ya mpaka Uganda walikuwa wanauita ugonjwa huo kwa neno la kukonda, na kwa miaka mingi mtu aliyepungua ghafla alinyooshewa kidole mtaani. Unene ulikuwa ushahidi kwamba uko salama. Wapo akina mama ambao hata leo, wakiona binti yao amepungua kidogo, usingizi unakatika, na wana sababu.

Kisha picha zikaja. Kisiwani Fiji, huko Bahari ya Pasifiki, walikuwa na mtazamo unaofanana na wetu, mwili uliojaa ulikuwa sifa na kupungua kulitia watu wasiwasi. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Daktari Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa shule wiki chache baada ya hapo, akarudi kuwahoji wengine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye zaidi ya mmoja kati ya kumi walisema hivyo. Ile ilikuwa televisheni moja sebuleni, na vipindi vya jioni. Binti wa leo ana skrini mkononi tangu anapoamka, na skrini ile imejifunza hasa anachokiogopa.

Vijana wa kiume hawajasalimika. Kwao hofu iko kwenye kifua na mikono. Wapo wanaojiona wembamba huku mashati yanawapasukia, wanaoruka chakula cha familia kwa sababu hakina protini ya kutosha, wanaonunua unga wa makopo kwa nusu ya mshahara na, wengine, sindano za homoni kwa watu wasio na cheti. Madaktari wa Marekani walianza kuiandika hali hii mwaka 1993. Tunawaona kwenye jimu zetu na kuwasifia.

Hapa lazima niseme neno kuhusu elimu ya afya, kwa heshima. Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, amefanya Watanzania wazungumzie kitambi, sukari na kufunga kula kwenye daladala na vijiweni. Hakuna kipeperushi cha wizara kilichowahi kufika huko, na ninaamini wapo walio hai kwa sababu walimsikiliza. Tatizo linatokea safarini. Maneno yaliyomlenga mwanaume wa miaka 50 mwenye kiuno cha kutisha na sukari inayopanda hukatwa kuwa video ya nusu dakika, na video hiyo inamfikia msichana wa chuo mwenye kilo 47 ambaye tayari anaruka kifungua kinywa. Yeye naye anaitii. Ushauri wa kupunguza kula una mtu wake. Kabla hujausambaza kwenye kundi la ukoo, fikiria ni nani wote waliomo humo.

Nikiulizwa mimi nafanyaje, jibu ni la kawaida na ninalipenda kwa ukawaida wake. Nyumbani tunakula dona kuliko sembe, kwa sababu kiini na pumba zina vitamini na nyuzinyuzi ambazo kukoboa kunaziondoa. Maharage karibu kila siku, mboga za majani nusu ya sahani, iwe matembele, mchicha au kisamvu, dagaa au samaki, embe likiwa msimu wake na papai embe likiwa halipo. Chumvi tunaiangalia, kwa kuwa kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu. Soda ni ya sherehe. Mafuta ya kukaangia tunayapima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Sina orodha ya vyakula haramu zaidi ya vile dini yangu ilivyokwisha nipangia. Harusini nakula pilau, na nikipenda naongeza, kisha kesho yake naamka nakunywa uji na kufanya nilichokuwa nimepanga kufanya. Kama siku hiyo ni ya kupumzika, napumzika.

Kundini tumekubaliana mambo mawili matatu. Hatupimani uzito. Hakuna mashindano ya kupungua, hata yale ya mwezi mmoja yenye zawadi ya fulana. Anayekuja baada ya kupotea miezi anapokelewa kwa kuulizwa habari za nyumbani, si kwa kuambiwa mwili umemfumuka. Na kwa Ramadhani waliofunga hukutana kutembea jioni kabla ya futari, wala hakuna anayehesabiwa kilomita. Mwanzoni wapo walioona tunalegeza kamba, wakahamia vikundi vikali. Wengine wamerudi, wengine hawakurudi, na ni sawa.

Yule mwalimu bado anakimbia nasi. Mguu ulipona, lakini akili ilichukua muda mrefu zaidi, na hili ndilo ningependa familia zilielewe. Mwaka 1997 daktari wa Marekani, Steven Bratman, alitoa jina la othoreksia kwa hali ya mtu kutekwa na chakula safi, na mpaka leo haijaingizwa rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Lakini mateso hayasubiri kuandikwa. Kwake yeye yaliisha polepole, kwa kuzungumza na mtaalamu wa saikolojia na kwa dada yake mkubwa kuhamia kwake muda fulani, wakawa wanapika pamoja bila mizani.

Ukimshuku mtu wako, usianze na mwili wake. Usimwambie amekonda wala usimwambie amependeza, maana yote mawili yanampeleka kwenye kioo. Muulize analala vipi, anasikia baridi, ana nguvu za kazi. Mkaribishe kula nawe, na usisimamie sahani yake. Kama ni mwanamke na hedhi imekata miezi mitatu mfululizo naye hana mimba, hiyo ni ya hospitali, na daktari aambiwe ukweli wote: anakula nini, anakimbia kiasi gani, anatumia dawa au unga gani wa kupunguza au kujaza mwili. Akijitapisha, akizimia, au moyo ukienda mbio au polepole kupita kawaida akiwa amekaa tu, msisubiri wiki iishe. Watu wakisikia afya ya akili hufikiria Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, peke yake, lakini hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho, na mna haki ya kuomba aonwe huko na kwa mtu wa lishe pia. Nendeni pamoja. Foleni ni ndefu, na aliye peke yake huondoka kabla jina lake halijaitwa.